Sura ya Tano: Kutoka Kilwa hadi Saint-André. Kuusoma Mji wa Miwa kama Chanzo cha Historia

Simama Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja jioni, utaona vitu viwili vinavyohusu sura hii. Cha kwanza ni muuza juisi ya miwa. Anapitisha muwa kwenye mashine mara ya kwanza, anaukunja, anaupitisha tena pamoja na tangawizi na ndimu, halafu makapi anayatupa kwenye kiroba. Cha pili ni barabara uliyosimama kando yake. Daladala nyingi zinageuzia hapo, lakini mabasi ya Lindi na Mtwara hayageuzi. Yanaendelea Mkuranga, Kibiti, yanavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa hadi Nangurukuru, na hapo ndipo anaposhuka abiria wa Kilwa. Ndiyo maana inaitwa Barabara ya Kilwa. Wanafunzi wa Kinondoni na Mwananyamala ambao hamjawahi kufika upande huu, pandeni gari siku moja mjionee.

Sura hii inauunganisha muwa ule na barabara ile. Tutaanzia Kilwa mwaka 1776, tutavuka bahari hadi kisiwa cha Réunion, kisha tutaingia katika mji wa Saint-André wenye mashamba ya miwa na mahekalu ya Watamil. Utauliza: Watamil wanatuhusu nini sisi? Ukifika katikati ya sura utaona kwamba walipelekwa kushika majembe na mapanga yaliyoachwa na watu waliotoka huku kwetu.

Niseme mapema kwamba Saint-André mimi mwenyewe sijafika. Nauli yake haiendani na mshahara wa mwalimu. Kilwa nimefika zaidi ya mara moja na wanafunzi wangu, lakini Saint-André tutaitembelea kwa ramani na maandishi, kama mnavyofanya darasani. Ukimaliza kusoma unatakiwa uweze kueleza kwa nini mashamba ya visiwa vile yalihitaji watu kutoka pwani yetu, kumtofautisha mtumwa na kibarua wa mkataba, na kutumia majengo, majina, vyakula na ngoma za mji kama ushahidi wa kihistoria. Hili la tatu ndilo wengi mnalolikosa kwenye mtihani.

Mahali penyewe

Fungua atlasi. Tafuta Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliita Bukini. Mashariki yake kuna visiwa viwili jirani, Réunion na Mauritius, vilivyoachana kwa karibu kilometa 200. Wanafunzi huvichanganya kila mwaka. Mauritius ni nchi huru tangu 1968. Réunion si nchi. Tangu 1946 ni mkoa wa Ufaransa wenye hadhi sawa na mikoa ya Ulaya, na dukani wanalipa kwa yuro. Kisiwa kina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 2,500, mlima unaozidi meta 3,000 uitwao Piton des Neiges, na volkano hai iitwayo Piton de la Fournaise. Makao makuu ni Saint-Denis. Saint-André iko mashariki ya hapo, upande unaopokea pepo za baharini na mvua nyingi, na muwa unapenda maji.

Katika maandishi ya zamani utakutana na majina mengine. Réunion iliitwa Bourbon na Mauritius iliitwa Île de France. Ukipewa dondoo la karne ya 18 linalotaja Bourbon usibabaike, ni kisiwa hikihiki.

Sasa jambo la kukariri kabla ya mengine yote: visiwa hivi viwili havikuwa na wenyeji. Mabaharia walivifahamu, ila hakuna jamii iliyokuwa ikiishi huko Wazungu walipoanza kuweka makazi katika karne ya 17. Kwa hiyo kila mtu utakayemkuta Saint-André leo, awe mweusi, mweupe au Mtamil, wazazi wake wa kale waliletwa au walikuja kwa meli. Hakuna wa kusema "sisi tulikuwepo". Swali la mwanahistoria hapo ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: nani alikuja kwa hiari yake, na nani hakuulizwa?

Kwa nini muwa unataka watu wengi

Waholanzi walipeleka muwa Mauritius mwaka 1639. Bourbon kwa muda mrefu ilijulikana zaidi kwa kahawa. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 19. Vimbunga vya 1806 na 1807 viliharibu mikahawa. Ufaransa ilikuwa tayari imepoteza koloni lake kubwa la sukari, Saint-Domingue, lililojikomboa mwaka 1804 na kuwa Haiti. Mwaka 1810 Waingereza wakaiteka Île de France. Bourbon nayo ilitekwa, lakini Wafaransa walirudishiwa, na baada ya 1815 matajiri wa kisiwa hicho wakageukia miwa kwa nguvu zote.

Kumbuka yule muuza juisi wa Rangi Tatu. Hakamui muwa uliokatwa wiki iliyopita, kwa sababu muwa ukishakatwa sukari yake huanza kuharibika. Shambani ni vilevile. Muwa unaokatwa leo lazima ufike kwenye kinu leo au kesho. Juisi ikishakamuliwa lazima ichemshwe hapohapo, iwe mchana au usiku. Hii ndiyo sababu kiwanda cha sukari hujengwa katikati ya mashamba, na ndiyo sababu mwenye shamba anataka watu wengi, wa karibu, wasioweza kuondoka msimu wa kuvuna. Kahawa inaweza kusubiri kidogo, muwa hausubiri. Ukiandika "miwa ilihitaji nguvu kazi nyingi" utapata nusu ya alama. Eleza sababu hii, upate zilizobaki.

Mkataba wa Kilwa, Septemba 1776

Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice, mfanyabiashara wa watumwa, alifika Kilwa Kisiwani akafunga mkataba na Sultani wa Kilwa. Masharti yake yanajulikana kwa sababu maandishi yalihifadhiwa. Sultani aliahidi kumpa Morice watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 kila mmoja, na Sultani mwenyewe apewe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Wazungu wengine wasiuziwe mpaka Morice apate idadi yake. Muda wa mkataba ulikuwa miaka 100.

Chukua kalamu. Watu 1,000 kwa piasta 20 ni piasta 20,000. Ongeza zawadi ya Sultani, piasta 2,000. Jumla ni piasta 22,000 kwa mwaka. Halafu zidisha watu 1,000 kwa miaka 100. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke unachukua watazamaji 60,000. Ujaze siku ya Simba na Yanga, halafu ongeza wengine 40,000 walioachwa nje ya geti. Hao ndio watu ambao wanaume wawili walikubaliana juu yao kwa karatasi moja.

Mkataba haukutekelezwa kwa miaka yote hiyo. Katika miaka ya 1780 Oman ilirudisha nguvu zake Kilwa, na biashara ikashikwa na mikono mingine. Lakini usiharakishe kuuacha. Kwa mwanafunzi wa historia karatasi hii ni chanzo kizuri kuliko kurasa kumi za maelezo, ukiiuliza maswali yanayofaa. Inataja bei, inataja zawadi, inataja washindani. Watu wenyewe inawataja kama idadi tu. Hawana jina, hawana kijiji, hawana lugha.

Walitoka wapi? Misafara iliwaleta pwani kutoka bara, hasa upande wa Ziwa Nyasa, kupitia maeneo ambayo leo ni Ruvuma, Lindi na Mtwara pamoja na kaskazini ya Msumbiji. Wafanyabiashara Wayao walikuwa na sehemu kubwa katika njia hiyo. Bibi yangu mzaa mama ni Mmwera wa Nachingwea, na kila ninapofundisha kipengele hiki huwa nasita kidogo kabla ya kuandika ile "1,000" ubaoni.

Huko visiwani, watu wa pwani yetu waliandikwa kwa jina moja tu: "Wamsumbiji". Aliyepakiwa Kilwa, Ibo au Kisiwa cha Msumbiji, wote jina lao lilikuwa hilo. Mtafiti akifungua daftari la shamba kutafuta neno "Kilwa" anaweza asilione, ilhali watu wa Kilwa wamejaa ukurasa mzima. Chanzo kinaweza kuwa cha kweli na bado kikaficha.

Jambo jingine la kuwa nalo makini. Wanafunzi wengi huandika kwamba biashara ya utumwa katika pwani yetu ilifanywa na Waarabu, wakaweka nukta. Mkataba huu unaonyesha mnunuzi Mfaransa, muuzaji mtawala wa mji wa Waswahili, na nyuma yao mlolongo wa watekaji na wasafirishaji wa bara. Waarabu wa Oman waliingia kwa kishindo zaidi baadaye. Ukiandika upande mmoja tu unapoteza alama, na unawasamehe wengine bila kesi kusikilizwa.

Sukari na utumwa huku kwetu

Kabla hatujavuka bahari, tupite Pangani haraka. Katika karne ya 19 bonde la Mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa ya matajiri Waarabu na Waswahili. Watumwa walikata na kukamua, na sukari guru ikasafirishwa. Abushiri bin Salim, unayemsoma kama kiongozi wa vita dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889, alikuwa na shamba la miwa Pangani. Shujaa wa sura moja anaweza kuwa bwana wa watumwa katika sura nyingine. Kuwa tayari kuyaandika yote mawili.

Sheria ilibadilika, shamba halikubadilika

Mwaka 1822 Uingereza ilifunga Mkataba wa Moresby na Seyyid Said uliokataza kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mlengwa mkubwa alikuwa mnunuzi wa visiwani. Biashara haikufa, ikawa ya magendo. Utumwa wenyewe ulifutwa Mauritius tarehe 1 Februari 1835, na Réunion tarehe 20 Desemba 1848, pale mwakilishi wa serikali ya Ufaransa, Sarda Garriga, alipotangaza uhuru. Waliopata uhuru siku ile Réunion walikuwa karibu 60,000. Turudi Temeke: uwanja mzima, kuanzia mzunguko hadi jukwaa kuu.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye shamba. Muwa uko shambani, kinu kinasubiri, na watu waliokuwa wakifanya kazi bure wameambiwa wako huru. Wengi wao hawakutaka tena kuliona lile shamba. Mwenye shamba hakuacha kulima miwa. Alitafuta watu wengine.

Aliwapata India. Tuanze na Mauritius. Tarehe 2 Novemba 1834 meli iitwayo Atlas ilileta wafanyakazi 36 kutoka India, na kwa miaka iliyofuata wakafika karibu nusu milioni. Mahali walipoteremkia Port Louis, Aapravasi Ghat, paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Réunion ilipata zaidi ya watu laki moja. Wengi walipakiwa Pondicherry na Karikal, bandari ndogo za Wafaransa katika nchi ya Watamil kusini ya India, na baadaye Madras pia, baada ya Ufaransa na Uingereza kukubaliana mwaka 1860. Mwaka 1882 Waingereza walisimamisha safari za Réunion, moja ya sababu ikiwa malalamiko kuhusu namna wafanyakazi walivyotendewa.

Kibarua wa mkataba ni nani? Njia rahisi ya kumwelewa ni kuwakumbuka manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro enzi za mkoloni. Mtu anaandikishwa mbali na kwao, anapewa namba, anasafirishwa, anakaa kambini, anapewa posho, na siku zake zinahesabiwa kwenye kipande chini ya mnyapara. Neno lenyewe "manamba" linatokana na ile namba. Kibarua wa Kitamil alitia saini au dole gumba kwenye mkataba wa miaka mitano. Alilipwa mshahara mdogo na mgawo wa chakula, hasa mchele. Akiugua au akikosa siku, alikatwa. Mauritius kulikuwa na utaratibu mbaya zaidi: siku moja ya kukosa kazi ilikugharimu malipo ya siku mbili.

Hapa mtahini anakutega. Je, kibarua wa mkataba alikuwa mtumwa? Hapana, na usiandike hivyo. Hakuwa mali ya mtu, mwanawe hakuzaliwa mali ya mtu, alilipwa, na mkataba ulikuwa na mwisho. Je, alikuwa huru? Hapo andika kwa uangalifu. Wengi hawakujua walichotia saini, hawakuweza kuacha kazi kabla ya muda, na walilazwa katika kambi zilezile walizoziacha watumwa. Jibu zuri linakaa katikati ya maneno hayo mawili na kueleza kwa nini.

Kulikuwa pia na Waafrika wa mkataba, jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Baada ya 1848 mawakala Wafaransa waliendelea kuchukua watu pwani yetu na Msumbiji. Mateka alinunuliwa, akatangaziwa kwamba sasa yuko huru, halafu papo hapo akatiwa mkataba wa kwenda Réunion. Mwaka 1857 Wareno waliikamata meli ya Kifaransa Charles et Georges karibu na Msumbiji ikiwa na watu wa namna hiyo. Serikali mbili zikagombana, na mwaka 1859 Ufaransa ikasitisha uandikishaji huo katika Afrika Mashariki. Baada ya hapo macho yote yakaelekea kwa Watamil.

Tuingie Saint-André

Tuseme umefika mwezi Agosti, katikati ya msimu wa kuvuna, unaoanza Julai hadi Desemba. Kitu cha kwanza kukiona ni matrekta na malori yenye shehena za miwa yakielekea Bois-Rouge. Viwanda vya sukari vilivyobaki katika kisiwa kizima ni viwili tu, na hiki ni kimoja. Zamani vilikuwa vingi, kila bwana na kinu chake. Pembeni ya kiwanda kuna mtambo unaochoma makapi ya miwa kuzalisha umeme. Yale makapi ambayo muuza juisi wetu anayatia kwenye kiroba, pale yanawasha taa.

Geukia baharini, upande wa Champ-Borne. Kuna magofu ya kanisa lililobomolewa na kimbunga Jenny mwaka 1962. Kando ya pwani hiyohiyo, karibu na mashamba ya miwa, limesimama Hekalu la Colosse. Lango lake ni mnara wa ngazi nyingi uliojaa sanamu za miungu zilizopakwa rangi kali, kama mahekalu ya kusini ya India. Usikosee ukadhani mahekalu ya kwanza yalikuwa hivi. Yale ya karne ya 19 yalikuwa vibanda vidogo ndani ya mashamba, na baadhi ya mabwana waliyaruhusu kwa hesabu zao wenyewe, kwamba mfanyakazi akiwa na mahali pa kuabudia hatoroki upesi. Hekalu kubwa la leo ni ushahidi wa kizazi kilichoondoka kambini. Vibanda vya kale ni ushahidi wa kambi yenyewe. Umri wa jengo unabadilisha linachokuambia.

Wazao wa wale Watamil huitwa Wamalbar. Wengi wanazungumza Krioli na Kifaransa. Kitamil kimebaki zaidi katika ibada. Majina yao yanachekesha mtu asiyejua historia: jina la kwanza la mtakatifu wa Kikatoliki, la ukoo la Kitamil. Mababu zao walibatizwa, wengine kwa imani, wengine kwa sababu bila ubatizo milango mingi haikufunguka, na nyumbani waliendelea na ibada zao. Hadi leo zipo familia zinazokwenda kanisani na hekaluni. Kila mwaka hufanyika ibada ya kutembea juu ya makaa ya moto kwa heshima ya Pandialé, ambaye ni Draupadi wa utenzi wa Mahabharata. Na mwezi wa Oktoba au Novemba mji unafanya maandamano makubwa ya Dipavali, sikukuu ya taa.

Sokoni utajisikia nyumbani. Kuna sambusa. Kuna achari, na wanaiita kwa jina karibu sawa na letu. Kuna mchuzi wanaouita kari. Hapa uwe mwangalifu. Achari na sambusa zilizunguka Bahari ya Hindi nzima pamoja na wafanyabiashara, zimefika Zanzibar bila mashamba ya mkataba, kwa hiyo peke yake hazithibitishi ujio wa Watamil. Kari ni ushahidi wa karibu zaidi, kwa kuwa neno lenyewe linahusishwa na Kitamil. Mwanahistoria hachukui kila kinachofanana na kukiita ushahidi.

Halafu usiku ngoma inaanza. Inaitwa maloya, ilitoka kwa watumwa wa mashambani, na UNESCO iliiingiza katika urithi wa utamaduni mwaka 2009. Mmoja wa wapigaji ameshika chombo bapa kilichoungwa kwa vijiti vya ua la muwa, ndani kimetiwa mbegu, anakitikisa. Ukimuuliza kinaitwaje atasema kayamb. Fungua kamusi ya Kiswahili sasa hivi, herufi K, tafuta kayamba. Chombo kilekile, ila sisi tunakiunga kwa matete na wao kwa muwa. Daftari la shamba lilimwandika mtu "Msumbiji" na kumpa jina la bwana wake. Kayamb haikuandikwa na bwana.

Wazao wa watumwa Waafrika huitwa Wakaf, kutokana na neno lilelile tunalolijua kwa Kiswahili kama kafiri. Lilikuwa tusi. Leo wao wenyewe wanalibeba, na tarehe 20 Desemba ni sikukuu yao. Kijiji jirani, Sainte-Suzanne, alizaliwa mtumwa aliyeitwa Edmond, baadaye Edmond Albius. Mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12, aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kidole na kijiti. Kabla yake vanila ilichanua nje ya Meksiko ila haikuzaa kwa faida. Mbinu yake ndiyo inayotumika Madagaska, na ndiyo anayotumia mkulima wa vanila wa Kagera. Alikufa maskini mwaka 1880.

Usiwachanganye na Wahindi wa kwetu

Ukiulizwa asili ya Wahindi wa Afrika Mashariki, usilete Watamil wa Saint-André. Wengi wa Wahindi wa Zanzibar na Dar es Salaam wana asili ya Gujarat na Kutch, na walikuja kama wafanyabiashara. Kenya na Uganda kuna waliokuja kwa mkataba kujenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, karibu 32,000, hasa kutoka Punjab, na wengi wao walirudi kwao kazi ilipokwisha. Watamil wa miwa ni kundi la tatu.

Swali la mfano

*Jadili usemi kwamba kukomeshwa kwa utumwa kulimaliza unyonyaji wa wafanyakazi katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Bahari ya Hindi.*

Aya hii ni ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, nimeinakili kwa ruhusa yake: "Si kweli kwa sababu baada ya utumwa walileta Wahindi ambao nao walinyonywa sana na kuteswa sana na kufanyishwa kazi nyingi sana." Msimamo upo. Ushahidi haupo. Neno "sana" limetokea mara tatu na tarehe haijatokea hata moja.

Tulikaa naye, akaandika upya hivi: "Utumwa ulifutwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, lakini mashamba ya miwa yaliendelea kuhitaji wafanyakazi wasioweza kuondoka msimu wa kuvuna, kwa kuwa muwa uliokatwa huharibika upesi. Wenye mashamba walileta vibarua wa Kitamil kutoka Pondicherry na Karikal kwa mikataba ya miaka mitano. Vibarua hao hawakuwa mali ya mtu na walilipwa, hivyo hali yao ilitofautiana na utumwa. Hata hivyo hawakuruhusiwa kuacha kazi kabla ya muda, na waliishi katika kambi za watumwa wa zamani." Sentensi nne. Kuna tarehe, sababu, mahali, na kuna "hata hivyo". Hiyo ndiyo aya ya alama zote.

Maswali ya kujipima

1. Mkataba wa Kilwa wa 1776 unatupa taarifa zipi kuhusu wanunuzi na wauzaji, na unatunyima taarifa zipi kuhusu waliouzwa?

2. Kwa nini matajiri wa Bourbon waligeukia miwa baada ya 1815? Toa sababu kutoka ndani ya kisiwa na nje ya kisiwa.

3. Umepewa vitu vitatu kutoka Saint-André: achari, lango la Hekalu la Colosse, na kayamb. Kipange kila kimoja kwa uzito wake kama ushahidi, na utetee mpangilio wako.

4. Linganisha manamba wa mashamba ya mkonge na vibarua wa Kitamil. Tofauti zisiwe chache kuliko zinazofanana.

5. Swali hili halina jibu nyuma ya kitabu. Tafuta mzee mtaani kwenu, Mbagala, Tandika, Manzese au popote unapokaa, ambaye asili yake ni Kilwa, Lindi, Mtwara au Songea. Msalimie, kaa chini, mwulize wazee wake walisimulia nini kuhusu watu waliochukuliwa wasirudi. Andika jina la kijiji, na jina la mtu kama linakumbukwa. Ukikuta halikumbukwi, andika hivyo pia, pamoja na tarehe ya mazungumzo yenu.